Kisanduku cha "Kwa Niaba Ya"

Mpaka benki ilipobadilisha taarifa zake za akaunti, wafu wa mtaa wetu walikuwa wakifika ofisini kwangu wakiwa wamekatwa majina. Sikulijua hilo. Miaka yote niliyokuwa mhasibu wa wakfu niliona mistari ileile, "SADAKA KWA NIAB", "SADAKA KWA NIAB", nikadhani ni uvivu wa watu wasiotaka kumaliza neno. Uvivu siuvumilii. Nilikuwa nikiilinganisha mistari hiyo na hesabu zetu huku nikinung'unika, halafu nafunga kompyuta naenda zangu kula.

Ofisi yetu ni chumba kimoja cha ghorofani, Ndia Kuu, yaani njia kuu ya Mji wa Kale wa Mombasa, juu ya duka la vinyago. Wakfu wenyewe si mkubwa. Ni nyumba chache na maduka ambayo wazee waliyaweka zamani ili kodi yake itie maji msikitini, inunue sanda za wasio na watu, na ipike uji wakati wa Ramadhani. Juu ya kodi kuna sadaka, ambazo siku hizi watu hutuma kwa simu zao. Kazi yangu ni kuhakikisha kwamba kile inachosema benki na kile tunachosema sisi kinakubaliana, mstari kwa mstari, bila kubaki kitu. Ni kazi ya mtu mkaidi. Kaka yangu alianza kuniita Karani nikiwa bado msichana wa skuli, kwa kunitania, kwa kuwa nilikuwa nikihesabu mahamri sahanini kabla sijamruhusu mtu kula.

Nimtaje kaka yangu mapema, maana haya yote ni habari yake. Alikwenda nchi za Ghuba kupika katika kambi ya wafanyakazi. Alikuwa hajaoa, na kila Ijumaa alikuwa akimpigia mama simu. Ijumaa moja hakupiga, wala iliyofuata. Tulimtafuta kwa wakala aliyempeleka, tukauliza ubalozini, tukawauliza watu waliorudi. Mwenye kambi alisema ameondoka, wala hakusema ameelekea wapi. Hapakuwa na maiti wala barua, na miaka ikaanza kupita. Watu wa mtaani walipomwambia mama amsomee hitma, kisomo cha kumwombea maiti, alikataa katakata. Alisema mtu hasomewi hitma kwa sababu tu hakupiga simu.

Mimi naishi Tononoka na mume wangu, lakini chakula cha mchana nakula kwa mama, nyuma ya Ndia Kuu, kwa sababu ni karibu na ofisi na kwa sababu ndivyo tulivyozoea. Kila siku nilizikuta sahani tatu mezani: yake, yangu na ya kaka. Ya kaka ilikuwa imegeuzwa kifudifudi ili isiingie vumbi. Hiyo ndiyo niliyoitazama kwanza kila nilipoingia. Nikiiona ipo, moyo wangu unatulia, naketi nakula.

Basi benki ikatangaza kwamba taarifa za akaunti sasa zitakuja kwa muundo mpya, ikamtuma msichana mmoja aje kutuwekea mambo hayo kwenye kompyuta. Alikuwa mzaliwa wa Kaloleni, Mkristo, mpole, mwenye subira ambayo mimi sina. Alinieleza kwamba zamani kila benki iliandika taarifa kwa namna yake, na maelezo ya malipo yalikatwa pale nafasi ilipokwisha. Sasa benki zote zingeandika kwa namna moja, na kila kitu kingekuwa na kisanduku chake: salio la kuanzia, salio la mwisho, tarehe, saa, na aliyetuma. Kulikuwa pia na kisanduku kingine, mbali na cha aliyetuma, cha yule ambaye pesa zimetumwa kwa niaba yake. Faili lingeingia lenyewe kila alfajiri, na programu yetu ya hesabu ingelisoma yenyewe bila mimi kuandika neno.

Akasema hata siku isiyo na malipo yoyote ingekuwa na taarifa yake, salio la kuanzia na la mwisho yakiwa sawa. Nikamwuliza faida yake nini kuniletea karatasi tupu.

"Ili mjue kwamba siku haikupotea," akanijibu.

Sikujua kwa nini jibu lile lilinisisimua mwili. Mchana ulikuwa mweupe, feni inazunguka, chini watu wanabishana bei ya kinyago. Nikamwambia aendelee.

Faili la kwanza likaingia. Programu ilikuwa haiyajui majina yaliyokuja ndani yake, kwa hiyo kwa kila jina ilisimama na kuuliza: "Mteja huyu hayumo. Umsajili?" Yule msichana akawa anayasoma majina kwa sauti safi ya kaunta, sauti ile ya kuwaita watu kwenye foleni. La kwanza lilikuwa jina la fundi viatu aliyekuwa akikaa chini ya ngazi zetu, na matanga yake nilikwenda. La pili lilikuwa la mwalimu wangu wa chuo cha Kurani, aliyenifundisha alifu kwa kijiti. La tatu lilikuwa la mkunga aliyemzalisha mama. Alipofika la nne nikamwomba asisome kwa sauti.

Akauliza kuna nini. Nikamwambia watu hao wamekufa.

"Wote?"

"Wote uliowataja."

Akaondoa mkono wake kwenye kipanya, akauweka mapajani. Tukakaa tunaitazama skrini, na skrini ikiwa imesimama palepale, inauliza ikiwa mtu wa nne asajiliwe.

Ilinibidi nimweleze desturi yetu, na nilipokuwa nikimweleza ndipo mwenyewe nilipoielewa. Kwetu, mtu akimtolea maiti wake sadaka, hujificha yeye, akamtaja aliyekufa, ili thawabu zimfikie. Zamani alinong'ona sikioni mwa imamu. Siku hizi anatuma kwa simu, na simu inamwuliza aandike namba ya akaunti. Sisi tuna akaunti moja tu na haihitaji namba yoyote. Lakini watu waliona nafasi tupu inawangoja, wakaweka maiti wao ndani yake. Hakuna aliyewaambia wafanye hivyo, na mtaa mzima ulifanya. Muundo wa zamani ulikuwa ukiyameza majina yale, na huu mpya ukayaleta yote, herufi zake zote, na kuyaweka kwenye kisanduku cha "kwa niaba ya". Aliyetuma ndiye aliyekuwa amefichwa. Kwa sheria ya siri za wateja, benki ilionyesha tarakimu tatu tu za mwisho za simu yake, zilizobaki zikawa nyota.

Yule msichana akasema pole, akamaliza kazi yake, akashuka ngazi kwa haraka kidogo kuliko alivyopanda.

Nikaanza kuwasajili. Programu haikubali mteja asiye na anwani, nikaandika "Mombasa" kwa kila mmoja, maana ndipo walipozikwa na sikutaka kusema uongo. Mwisho wa mwezi ikanitolea orodha ya wote waliolipa, na juu yake ikaandika yenyewe "Wateja walio hai". Niliitafuta sehemu ya kubadilisha maneno hayo nikaikosa.

Msimamizi wa wakfu, mzee mwenye moyo mwepesi, alifurahi hadi akalia. Mkewe alikuwemo katika orodha, na yeye hakuwa amemtolea kitu wiki ile, kwa hiyo akajua kuna mtu mwingine anayemkumbuka. Akaniagiza kila Alhamisi nichape majina yote yaliyomo kwenye kile kisanduku nimpe imamu, ayasome katika dua baada ya sala ya Ijumaa. Imamu akayasoma, na kipaza sauti cha msikiti kikayapeleka mpaka vyumba vya juu ambamo wanawake huketi majumbani. Ijumaa ya kwanza niliona madirisha yakifunguliwa moja baada ya jingine. Wiki iliyofuata majina yaliongezeka.

Watu walikuwa wakinishukuru njiani, na mimi nilikuwa naogopa kwenda kazini. Nilikuwa wa kwanza kufungua nyumba ile asubuhi, kabla vinyago havijatundikwa, vikiwa bado vimelala sakafuni vinatazama dari. Nilipanda, nikawasha kompyuta, na majina yakaanza kuja moja moja, kila moja likingoja nilikubali. Nilianza kuketi nikiwa nauelekea mlango. Kila jina lilipotokea, nilikuwa na yakini kwamba kuna mtu amefika kidato cha mwisho cha ngazi akasimama, na hapiti kwa sababu hajakaribishwa. Nilikuwa nasema "karibu" kwa sauti ndogo, halafu nabonyeza. Kuna mwongozaji mmoja huleta wageni kutoka Ngome ya Yesu, na anapopita chini ya dirisha letu huwaambia kwamba ghorofani kwetu mna jini. Siku zote nilikuwa nikitoa kichwa nikimtolea maneno. Wiki zile nilimwacha aseme.

Halafu Jumamosi moja, benki ilipouhamishia mtandao wa pili wa simu kwenye muundo mpya, katikati ya majina likaja jina la kaka yangu.

Halikuwa jina lake la pasipoti. Lilikuwa jina la ndani, lile alilopewa akiwa mchanga kabla hajajua kutembea, ambalo sitaliandika hapa, na ambalo halikupata kutoka nje ya nyumba yetu. Walilijua watu wanne, na baba alikuwa amekwisha kufa. Nikatazama kisanduku cha aliyetuma. Tarakimu tatu za mwisho zilikuwa za laini yake ya zamani, ya hapa Mombasa, ambayo niliijua kwa moyo tangu alipoinunua. Pesa zilikuwa zimetumwa Ijumaa asubuhi, kabla ya saa nne. Chini yake ile programu ilikuwa ikiniuliza: "Mteja huyu hayumo. Umsajili?"

Kulikuwa na chaguo la "Baadaye", nikabonyeza hilo.

Benki ilikuwa imetutumia upya taarifa za mwaka mzima uliopita katika muundo ule mpya, ili salio la kila siku lishikane na la siku iliyofuata. Nikarudi nyuma nazo. Kila Ijumaa alikuwepo. Kila Ijumaa asubuhi, jina lilelile, tarakimu zilezile. Mwaka mzima nilikuwa nimempokea kwa mkono wangu mwenyewe, amekatwa, "SADAKA KWA NIAB", na mimi nimenung'unika juu ya uvivu wake.

Nikajiambia: yuko hai. Nilipiga hesabu kwa namna niliyofundishwa. Jina ni lake na hakuna mgeni anayelijua. Laini ni yake, na niliamini aliondoka nayo, maana siku ya safari nilimwona uwanja wa ndege ameshika simu yake mkononi. Siku ni Ijumaa, siku yake ya kupiga simu. Basi anayetuma ni yeye. Kuna jambo lililomfunga mdomo, aibu au kifungo au ugonjwa, na hii ndiyo njia aliyobakiwa nayo ya kutwambia yupo. Nilikumbuka lile faili la siku tupu, linalokuja bila kitu ili mjue siku haikupotea. Nililia kwa furaha peke yangu mle ofisini, na furaha ile ilikuwa na woga ndani yake ambao sikutaka kuutazama.

Nilimpigia palepale. Nikaambiwa namba haipatikani. Nikampigia jioni, na siku zilizofuata, jibu likawa lilelile.

Ilipofika Alhamisi, nilipochapa orodha ya imamu, nililifuta jina lake. Mtu aliye hai haombewi pamoja na wafu. Wiki iliyofuata likaja tena, nikalifuta tena, na iliyofuata pia. Sikumwambia mama, kwa kuwa nilitaka kwanza niwe na hakika isiyo na shaka. Nilimpigia simu yule msichana wa benki nikamwomba anitolee nyota zile anionyeshe jina la mwenye laini. Akakataa kwa adabu. Alisema jambo moja tu la ziada: kwamba kwa kawaida vile visanduku viwili huwa vya watu wawili, na mtu anayejilipia mwenyewe hukiacha cha pili kitupu. Nikamwambia hizo ni kawaida za benki, watu wa Mji wa Kale hawazijui. Akasema sawa dada.

Wakati wote huo mama alikuwa vilevile, ila Ijumaa. Ijumaa alikuwa anaketi kando ya dirisha, mtandio umemfunika mpaka kwenye nyusi, anaisikiliza dua inayotoka msikitini. Orodha ilipokwisha alikuwa akiniuliza ikiwa majina yote yamesomwa. Nilimwambia yote. Alikuwa akiitikia kwa kichwa na kupakua wali. Nilidhani anauliza kwa sababu ni kazi yangu na anataka nisifiwe.

Ijumaa niliyoazimia kumaliza jambo hili, nilifika ofisini mapema nikaweka simu mbele yangu. Nilijua anatuma kabla ya saa nne. Kuanzia saa tatu nikawa ninapiga na kukata, ninapiga na kukata. Haipatikani. Chini mwenye duka alikuwa akipangusa vinyago na kuvitundika. Haipatikani. Jua lilikuwa limeingia mpaka katikati ya sakafu. Haipatikani.

Halafu ikalia.

Niliisikia ikilia upande wa pili, mlio wa kawaida kabisa, taratibu. Niliweka kiganja mdomoni. Iliendelea kulia na hakuna aliyeipokea, na nilikuwa na yakini kwamba upande wa pili kuna mtu ameishika na anaitazama. Niliweza kumsikia asivyosema kitu. Kisha ikakatwa. Nilipopiga tena haikupatikana.

Sikufunga hata ofisi. Nilishuka ngazi nikapita Ndia Kuu buibui likiburuzika, watu wananisalimu na mimi sijibu, nikakata kichochoro cha nyuma nikapanda kwa mama. Alikuwa jikoni amesimama. Nilimwambia pale mlangoni, bila salamu.

"Mama, kaka yuko hai."

Nikammiminia yote. Taarifa za benki, kisanduku, jina la ndani, zile tarakimu, Ijumaa zote zile, na jinsi simu ilivyolia sasa hivi. Nilikuwa nikicheka na kulia. Nilingoja apige kigelegele au aanguke, na nilijiandaa kumshika. Hakufanya lolote. Aliniacha nimalize, halafu akauliza kwa sauti ya chini:

"Jina lake lafika huko kwenye kompyuta?"

"Lafika, mama. Kila Ijumaa."

"Na wewe jina hilo walifanyani?"

"Nalifuta, lisisomwe pamoja na maiti."

Akafumba macho. Alipoyafumbua alipita kando yangu akaingia chumbani, nikasikia kifuniko cha kasha kikifunguliwa. Alirudi na simu ndogo nyeusi ya vibonye, ambayo rangi yake ilikuwa imechujuka pale kidole gumba kinapokaa. Aliiwasha akanipa. Kwenye kioo iliandikwa kwamba kuna aliyepiga na hakupokewa, na jina la aliyepiga lilikuwa Karani.

"Ni mimi," akasema. "Natuma mimi. Natuma kwa simu hino yake, nataka sadaka itoke mkononi mwake mwenyewe."

Niliketi. Sakafu haikuwa mbali, niliketi papo hapo. Alinieleza polepole, akiwa amesimama, huku akikoroga sufuria ili isishike. Siku ya safari, nilipokwenda kununua maji pale uwanja wa ndege, kaka alimpa simu ile na namba yake ya siri, akamwambia huko atapata laini nyingine. Alipopotea, mama akaona simu isiwachwe ikafa. Jirani mmoja alikuwa ameipiga namba ya marehemu mumewe kwa kumtamani tu, na akapokewa na mtu asiyemjua, kwa kuwa laini ilikuwa imekwisha kuuzwa upya. Mama aliapa hilo halitampata mwanawe. Kila Ijumaa huiwasha, hutia pesa kidogo kupitia wakala wa dukani, hutuma, huitazama labda kuna ujumbe, huizima. Leo ilikuwa mkononi mwake ilipoanza kulia, akaona jina langu juu yake, na hakuweza kuipokea wala kuizima. Aliposhindwa kabisa aliikata.

Nikamwuliza tangu lini anajua kwamba amekufa.

"Tangu Ramadhani ya kwanza. Mwanangu mimi ni wa kupitisha Ramadhani na Idi hajanipigia? Namjua."

Nikamwuliza, basi na sahani? Miaka yote hii, sahani ile ya tatu?

"Sahani ni yako," akasema. "Waingia mlangoni waitazama kabla hujanitazama mimi. Siku moja niliiosha nikaiwacha jikoni, na siku hiyo hukula."

Nilikuwa nimeisahau siku hiyo, na papo hapo nikaikumbuka. Nilimwambia nilikuwa naumwa na kichwa. Kumbe alikuwa ameielewa yeye, na kesho yake akairudisha mezani, akaendelea kuikataa hitma mbele ya watu ili mimi nile.

Kisha akasema lile ambalo mpaka leo likinijia nikiwa kazini, husimamisha kazi.

"Kila Ijumaa nasikiza. Wasomwa wa watu wote, wangu hasomwi. Nikasema pengine ndia haimfikishi. Pengine hayupo upande wowote."

Nilimkumbatia miguu palepale jikoni. Nililia kwa sauti ambayo sikuwa nimeilia tangu apotee, maana tangu apotee hakukuwa na siku niliyopewa ya kumlilia. Mama aliuzima moto, akaketi nami sakafuni.

Kesho yake asubuhi faili likaingia. Chini vinyago vilikuwa bado vimelala. Yalikuja majina mengine, halafu la kaka, na programu ikaniuliza ikiwa nimsajili. Nilisema karibu, kwa sauti ya kawaida, nikabonyeza "Ndiyo". Ikataka anwani. Sijui amelala wapi, kwenye mchanga gani, na kama kuna aliyemwosha. Sehemu ile haikubali kuachwa tupu. Niliandika "Mombasa", na ikamkubali. Kwa mara ya kwanza tangu muundo ule uje, sikuuangalia mlango.

Alhamisi nilichapa orodha nzima. Ijumaa tuliketi dirishani pamoja, mama na mimi. Imamu aliyasoma majina moja moja, fundi viatu, mwalimu, mkunga, mke wa msimamizi. Alipofika la kaka alisita, maana lile si jina la mtu mzima, ni jina la kumbembelezea mtoto. Pengine alidhani nimekosea. Alilisoma, akalirudia tena, na kipaza sauti kikalitoa nyumbani kwetu kikalipeleka juu ya mapaa yote ya mtaa.

Mama akasema amini. Alikaa kidogo na kichwa chake amekiinamisha, halafu akainuka, akaigeuza sahani ya tatu, akaipangusa kwa upindo wa leso, akaijaza wali na mchuzi wa papa. Akaniambia nimpelekee jirani wa nyumba ya mbele, ambaye alikuwa mgonjwa na hajapika. Niliibeba kwa mikono miwili nikashuka nayo ngazi, ikiwa bado ya moto.